Mkate wa epo na mdalasini kwa jiko la mkaa, Tabora: shajara ya mradi

Wadau, huu ni ule mkate mtamu wa kukata slesi ukala na chai, una vipande vya epo ndani na mdalasini, nauoka nyumbani Isevya hapa Tabora mjini kwa mkaa na sufuria. Resipi zipo nyingi mtandaoni ila karibu zote zimeandikwa na watu wenye oveni yenye namba, wanakwambia weka nyuzi 175 kwa saa moja alafu wanapita, sasa mtu mwenye makaa hizo nyuzi 175 anazitoa wapi? Ndo maana naandika kila hatua na hela iliyotumika, ili anayetaka kuoka asiunguze unga na mayai kwa kubahatisha. Nataka mkate uwe na asali ya hapahapa, usizame katikati, na usizidi elfu saba. Ntaongeza chini kadiri kazi inavyoenda.

7 Juni 2025, Jumamosi: vifaa

Bati la kuokea nimechongesha kwa fundi karibu na soko kuu, elfu tano, urefu sentimita 23, upana 13, kina 7. Nimemwomba atumie bati la debe la mafuta ya kula na sio bati la kuezekea, kwa sababu la kuezekea limepakwa zinki na zinki inayeyuka ikikutana na vitu vyenye uchachu, na humu kuna epo, mtindi na asali, vyote vichachu. Hata hivo ndani natandika karatasi iliyopakwa mafuta. Fundi akikosa debe safi chukua kisufuria kidogo uokee humo, mkate utatoka wa duara, hamna shida yoyote.

Sufuria la nje ni lile kubwa la wali wa shughuli, mdomo uzidi sentimita 30 ili pembe za bati zisiguse ukingo, pembe inayogusa inaungua mapema. Mfuniko uwe wa bapa maana makaa yatakaa juu yake. Chini nimeweka mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, na mawe matatu madogo ya kulaza bati.

Vipimo. Vikombe vya nyumbani havilingani na kijiko cha chai cha kwangu kinabeba zaidi ya kile cha jirani, kwaiyo nimenunua bomba la sindano la ml 5 famasi, shilingi mia tatu, bila sindano yenyewe, nikakata kile kichwa cha mbele pale namba inapoanzia sifuri. Unavuta mpaka namba unayotaka, unajaza pauda, unasawazisha kwa kisu, unasukuma nje. Vitu vya maji unapima kwa bomba hilohilo au chupa ya maji ya nusu lita uliyoitia alama. Unga nimeenda kupimiwa dukani gramu 250 nikauweka kwenye kikombe kikubwa na kuchora alama, basi.

8 Juni, Jumapili: kupima moto kwa sukari

Hii hatua msiiruke hata kama mnaona inapoteza mkaa, mradi wote umesimama hapa.

Sukari nyeupe ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Mkate wetu unataka 175 mpaka 180. Maana yake ukiweka kijiko cha sukari kwenye kipande cha foili ndani ya sufuria, ukafunika, ukafunua baada ya dakika 15, sukari itakwambia uko wapi: ikiwa imeyeyuka umevuka, ikiwa bado chengachenga uko chini ya hapo. Unatafuta kiasi cha makaa kinachoyeyusha sukari kidogokidogo pembeni, alafu unatoa makaa mawili matatu, hapo ndo penyewe.

Nilianza na jiko lililojaa chini na makaa machache juu, vile tunavyopika wali. Sukari iliyeyuka haraka sana ikawa nyeusi, na moshi ukatoka kwenye foili. Yaani bati lingewekwa pale lingeungua chini na juu kubaki jeupe. Shangazi yangu wa Ng'ambo, anaeoka mkate wa kumimina miaka yote, alikuwepo akaniambia, "Mwanangu, chini weka moto wa kupashia tu, juu ndio upalie." Nikageuza: makaa 7 ya ukubwa wa yai chini, 15 juu ya mfuniko yaliyopangwa kuzunguka ukingo na machache tu katikati. Sukari ikayeyuka pembeni taratibu. Nikatoa mawili juu na moja chini, nikaweka sukari mpya, dakika 15 ikabaki chenga. Kwaiyo kwa sufuria langu ni 6 chini na 13 juu. Lako linaweza kuwa tofauti, ukubwa na unene wa sufuria vinabadilisha, ndo maana nasema pima.

Mkaa wenyewe uwe mzito, wa miti ya miombo, ule mwepesi unaopasuka cheche unawaka kwa fujo alafu unakufa. Hata huo mzito baada ya nusu saa unaanza kulala, kwaiyo kuwe na jiko la pili dogo lenye makaa yanayowaka tayari ya kuongezea. Usiongeze mkaa mweusi juu ya mfuniko, joto linashuka na unatoa moshi.

Mkaa uliotumika kwa majaribio, 2,000. Sukari na foili labda 800.

14 Juni, Jumamosi: mkate umezama

Nimefuata resipi kama ilivyo: unga gramu 250, sukari gramu 200, bekingi pauda ml 10, mdalasini ml 10, chumvi kidogo, mayai 2, mafuta ya alizeti ml 120, maziwa ml 120, epo mbili nyekundu zimekwanguliwa kama karoti. Kuchanganya hamna cha kueleza, vikavu pembeni, vya maji pembeni, unaunganisha kwa mwiko na unaacha mara tu unga mkavu unapopotea, ukiendelea kukoroga mkate unakuwa mgumu na una mashimo marefu.

Ulipanda vizuri mno, dakika ya 30 nilivyochungulia ulikuwa umevuka bati. Dakika ya 50 katikati pameshuka. Dakika ya 70 kijiti bado kinatoka na unga, nikautoa hivohivo. Nilivyoukata juu umeiva vizuri, chini kuna tabaka la unene wa kidole limeshikana kama ugali uliokosa moto, na ladha ya epo huisikii, ni utamu tu. Tumekula kingo, katikati wamekula kuku.

Gharama ya huu, 6,400 ukihesabu na mkaa.

15 Juni, Jumapili: kwanini umezama

Kuna mambo mawili na nimeyapima yote.

La kwanza ni maji ya epo. Tunda hili karibu asilimia 85 ni maji, na ukilikwangua unayafungulia yote. Nilikwangua epo moja iliyobaki nikaikamua kwenye kitambaa, ilitoa karibu robo kikombe. Mbili ni nusu kikombe, sawa na kumwaga maziwa mara mbili. Dawa yake ni kukata vipande vidogo vya mraba kama sentimita moja, maji yanabaki ndani ya kipande na ukila unakutana na epo yenyewe.

La pili ni mwinuko, na hili wengi wa hapa wanalisahau kwa sababu Tabora ni tambarare, huoni mlima ukadhani uko sawa na Dar. Tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hewa ni nyepesi kidogo, gesi ya pauda inatanuka zaidi na haraka zaidi, mkate unapanda kabla unga na mayai havijakamata, vinakosa nguvu ya kuushika, unashuka. Kuanzia mita 900 kwenda juu inabidi upunguze pauda. Kwaiyo ml 10 inakuwa ml 8, sio zaidi, na sukari nayo inapungua kidogo maana sukari nyingi inachelewesha mkate kukamata.

Alafu epo zenyewe. Hapa sokoni tunapata zaidi zile nyekundu zenye stika za Afrika Kusini, moja shilingi elfu, na nyingi zikifika zimeshalainika kwa safari na kukaa. Ya kuoka inatakiwa iwe ngumu na chachu, ile ya kijani inaitwa Granny Smith ndo yenyewe, ikipatikana chukua hiyo. Ikikosekana chagua nyekundu ngumu, bonyeza karibu na kikonyo, ikibonyea iache, alafu ukishakata vipande kamulia ndimu nusu. Ndimu inaleta ule uchachu na inazuia vipande kuwa vya kahawia. Maganda usitupe, chemsha na kipande cha mdalasini utapata chai nzuri kabisa.

21 Juni, Jumamosi: asali ya nyuki wadogo

Tabora kuoka mkate kwa sukari tupu wakati asali ipo kila kona naona ni kujinyima. Kuna mtu katuletea asali ya nyuki wadogo kutoka Sikonge, ile nyepesi ya uchachu, nikaweka gramu 150 badala ya sukari yote. Vipande vya epo, pauda ml 8, vingine kama mwanzo.

Haukuzama, hilo limepona. Ila rojo lilikuwa jepesi mno, vipande vyote vya epo vikashuka chini vikajipanga mstari mmoja, na dakika ya 35 juu pameshakuwa peusi wakati ndani bado mbichi. Nimepunguza makaa ya juu haraka haraka lakini ganda lilikuwa limeshapata uchungu.

Sababu ni hizi. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, ndo maana inamiminika vile, na mimi maziwa sikuyapunguza. Kuna watu wanasema ukipakaza unga vipande vya epo havizami, nilipakaza, vimezama, kinachoshika vipande ni uzito wa rojo. Na asali ya aina yoyote inabadilika rangi kwenye moto mapema kuliko sukari, kwaiyo ukiweka asali joto linashuka nyuzi 10 mpaka 15. Juu ya hayo yote bei yake, lita ni zaidi ya mara mbili ya ile nyingine. Hii asali ni ya thamani sana, ibaki ya kulamba na ya kifua, moto unaipotezea bure.

Gharama, 8,900. Asali peke yake imekula zaidi ya elfu tatu.

28 Juni, Jumamosi: umekubali

Mabadiliko yote kwa pamoja:

Asali ya nyuki wakubwa gramu 100, ile nzito ya rangi ya kahawia, na sukari gramu 80. Asali tupu inaficha mdalasini, nusu kwa nusu kila kimoja kinasikika. Maziwa nimeyaacha nimeweka mtindi ml 80 tu, ni mzito na unabeba epo. Mafuta yameshuka hadi ml 100. Kwa kuwa sasa kuna uchachu wa kutosha nimeweka soda ya kuokea ml 1 na pauda nikaishusha mpaka ml 5, soda ina nguvu kama mara tatu au nne ya pauda kwaiyo msidharau hiyo ml moja, ikizidi mkate unakuwa na ladha ya sabuni na rangi ya udongo.

Mdalasini nao nimebadilisha. Ule wa unga wa pakiti ulikuwa umekaa dukani muda mrefu hauna harufu, ml 10 nzima na bado unauliza uko wapi. Nimenunua wa vijiti kwa muuza viungo, shilingi 1,000 fungu linalotosha mikate mitatu. Chagua vile vijiti vyembamba vyenye matabaka mengi ndani vinavyovunjika kwa vidole, hivo vinasagika kwenye kinu kidogo. Vile vinene vya tabaka moja vigumu kama gome vitakusumbua na vina ukali zaidi. Nimetwanga, nimechekecha kwa chujio la chai, ml 8 imetosha na nyumba nzima imenukia.

Moto: nimeanza na 6 chini na 10 juu badala ya 13. Dakika ya 35 juu pamepata rangi ya dhahabu, nikalaza foili juu ya mkate bila kuikandamiza, nikatoa makaa manne juu, nikaongeza mawili yanayowaka chini. Dakika ya 65 kijiti kimetoka kikavu. Sikuutoa hapohapo, nimeondoa makaa yote nikauacha dakika 10 ndani ya sufuria mfuniko ukiwa wazi kidogo.

Umepanda, haujazama, epo ziko juu mpaka chini. Nimefurahi sana.

29 Juni, Jumapili: kukata

Umelala usiku kucha umefunikwa kitambaa na asubuhi ndo nimeukata. Ukikata wa moto unasagika na ndani unaonekana mbichi hata kama umeiva, mvuke bado unafanya kazi, subirini.

Tatizo moja limebaki. Katikati nilitia mstari wa sukari na mdalasini, yaani nusu ya rojo, sukari ya mdalasini vijiko vitatu vya chakula, alafu nusu nyingine juu. Inapendeza machoni, lakini slesi zinaachana katikati, ya juu inabaki mkononi ya chini inadondoka kwenye kikombe. Ile sukari ikiyeyuka inakuwa ukuta, rojo la juu na la chini havishikani. Nimeoka mwingine jioni: sukari kijiko kimoja na nusu, mdalasini ml 3, unga mkavu kijiko kimoja cha chai, nimeinyunyiza bila kufika kingo, alafu nimepitisha kisu mara mbili kwa kuzungusha ili rojo la chini lipande. Slesi zinashikana na mstari bado unaonekana.

5 Julai, Jumamosi: kiasi cha mwisho na hela

Unga wa ngano gramu 250, 500. Epo mbili, 2,000. Mayai mawili, 800. Mafuta ya alizeti ml 100, 600. Asali gramu 100, 850. Sukari pamoja na ile ya mstari, 300. Mtindi ml 80, 250. Mdalasini, 350. Pauda, soda na chumvi, 150. Mkaa, 1,000. Jumla 6,800. Bati na bomba sijaweka humo, hivo ni vya kununua mara moja.

Epo peke yake inakaribia theluthi ya gharama na sioni pa kuipunguza, ukiweka moja mkate unabaki wa mdalasini tu. Unatoa slesi 12. Jirani yangu anauza chai asubuhi, amechukua mmoja akauza slesi 800, zimeisha, tumekubaliana nimuokee kila Jumamosi. Kwa anayetaka kuuza, oka miwili kwa moto mmoja wa kupokezana, sufuria likishapata joto wa pili unatumia nusu ya mkaa.

12 Julai, Jumamosi: kuutunza, na habari ya Kigoma

Asali inashika unyevu, kwaiyo siku ya pili na ya tatu mkate ni laini kuliko siku ya kwanza. Kipindi hiki cha baridi unakaa siku nne. Usiufunge kwenye mfuko wa nailoni ukiwa na joto, jasho la ndani linaleta ukungu. Mimi nazungushia kitambaa safi cha pamba naweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Sisimizi wa hapa wananusa asali kutoka mbali, ndoo nimeisimamisha kwenye beseni lenye maji na hawajafika.

Dada yangu yuko Mwanga, Kigoma, ameoka kwa resipi hiihii. Kule ziwani ni kama mita 770 tu, kwaiyo nilimwambia apandishe pauda hadi ml 6 na soda ibaki ml 1, mkate wake umepanda sawa na wangu. Amejaribu pia mawese badala ya alizeti kwa kuwa kule yapo ya kutosha. Rangi imetoka ya machungwa nzuri mno, ila harufu ya mawese imefunika mdalasini na epo zote. Wa pili ameweka mawese ml 30 na alizeti ml 70, anasema hapo rangi imebaki na mdalasini umerudi, na ndo anavyooka sasa.